Mpira wa Manati: Nguvu Inayotolewa na Nguvu Inayorudi

Katika mashamba ya mtama yaliyo kati ya mji wa Bunda na Ghuba ya Speke, majuma ya mwisho kabla ya mavuno ni majuma ya kuamia ndege. Alfajiri, umande ungali juu ya majani, watoto huparamia ulingo wakiwa na debe bovu la kupiga, kamba ndefu iliyofungwa makopo, na manati shingoni. Mtama ukiwa bado katika maziwa, ndege hawangoji mwaliko. Wapo tetere na mnana, ambao huja wawili watatu. Na yupo kwelea kwelea, ambaye huja kwa wingu.

Kwelea kwelea ni ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu, mfupi na mnene, uliofaa kupasulia mbegu za nyasi. Uzito wake ni gramu 15 hadi 26, na kwa siku moja hula takriban gramu 10 za nafaka. Kiasi hicho ni pungufu ya gao la mtoto. Lakini makundi yake huhesabiwa kwa mamilioni, na ndege milioni moja wakila gramu 10 kila mmoja, tani 10 za nafaka zimekwenda kabla jua halijatua. Ndiyo sababu makundi makubwa hushughulikiwa kwa eropleni za kunyunyizia dawa, kazi ambayo Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1962, limeifanya katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwa mojawapo. Manati haiwezi kuzuia wingu. Kazi yake ni ya ukingoni mwa shamba: kumwondoa tetere aliyezoea makelele ya debe, na kuwashtua wachache wanaotua kwanza kabla wenzao hawajawaona na kuwafuata.

Kabla ya msimu huo mtoto huenda kwa fundi wa baiskeli. Penye rundo la tyubu kuukuu huokota moja, huivuta, huiachia, huitupa. Huokota nyingine, huivuta, huitega sikio inaporudi, na hiyo huikata. Akiulizwa kwa nini amechagua hiyo, hujibu kwamba ile ya kwanza ni “mvivu”. Jibu hilo ni sahihi kabisa kwa mujibu wa fizikia, na laweza kuwa mwanzo wa vipindi kadhaa vyema vya sayansi katika kidato cha pili au cha tatu. Aidha, si suala la mchezo tu. Manati iliyofungwa mpira usiofaa hushindwa kwa namna mbili: ama jiwe halifiki, ama mpira hukatika ukiwa umevutwa hadi karibu na shavu, na kipande chake hurudi kwa kasi kwenye jicho la mpigaji mwenyewe.

Kombeo la kale, manati ya juzi

Watu wengi hudhani kwamba manati ni silaha ya tangu enzi za mababu. Sivyo. La kale ni kombeo, yaani kamba mbili na kipande cha ngozi kinachozungushwa juu ya kichwa. Hilo limejulikana kwa maelfu ya miaka, na nguvu yake hutoka katika mkono wa mrushaji. Manati yenye panda ya mti na mpira haikuweza kuwapo kabla ya karne ya 19, kwa sababu mpira wenye kufaa haukuwapo.

Utomvu wa mti wa mpira, ukikaushwa tu, hutoa kitu kinachonyumbuka lakini kisichotegemewa: kwenye joto hulainika na kunata, kwenye baridi hukakamaa. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear alitambua kwamba mpira uliochanganywa na salfa na kupashwa moto hubadilika tabia. Haunati tena, na ukivutwa hurudi katika urefu wake. Katika Uingereza Thomas Hancock alipata hataza ya njia kama hiyo miaka michache baadaye. Kila mpira wa manati, wa baiskeli au wa gari, ni mjukuu wa ugunduzi huo.

Tanzania Bara nayo ina historia yake ya mpira. Wakati wa utawala wa Wajerumani mashamba makubwa yalipandwa Tanga na Morogoro, si kwa mti wa mpira unaojulikana zaidi leo, bali kwa mti wa Ceará kutoka Brazili, ambao kwa kitaalamu huitwa Manihot glaziovii. Bei ilipoporomoka mwaka 1913, kutokana na mpira mwingi na wa bei nafuu uliotoka mashamba ya Asia, mashamba hayo yakaachwa. Jina Manihot litamshtua mwanafunzi wa biolojia, kwa kuwa ndilo jina la jenasi ya muhogo. Na kweli miti hiyo ni ndugu. Kuanzia miaka ya 1930, katika kituo cha utafiti cha Amani, mtaalamu H. H. Storey na wenzake waliuchavusha muhogo kwa chavua ya mti huo wa mpira ili kupata mihogo inayostahimili ugonjwa wa batobato. Hivyo mti ulioshindwa kuwapa walowezi mpira uliwapa wakulima mbegu bora za muhogo, zao ambalo nyumba nyingi za Bunda hulitegemea mvua zinapokosekana.

Mpira ni kitu gani hasa

Mpira wa asili umefanywa kwa molekuli ndefu mno, kila moja ikiwa ni mnyororo wa maelfu ya vipande vidogo viitwavyo isoprini. Mnyororo huo haukunyooka. Umejikunjakunja ovyo, na minyororo imepitana kama nyuzi za pamba katika tonge ambalo bado halijachambuliwa. Salfa inapotiwa, hufunga vifundo hapa na pale kati ya mnyororo mmoja na mwingine, ili yote isiteleze na kuachana.

Mpira unapovutwa, minyororo hunyooshwa na kupangika. Ukiachiwa, hurudi katika mkunjano wake. Jambo la kustaajabisha ni sababu ya kurudi huko. Springi ya chuma hurudi kwa sababu atomi zake zimesogezwa mbali kupita mahali pake pa kawaida. Minyororo ya mpira hurudi kwa sababu daima inatikiswa na joto, na kwa mtikiso huo namna za kukaa katika mkunjo ni nyingi mno kuliko namna za kukaa katika mnyooko. Kwa maneno mengine, kinachouvuta mpira urudi ni joto lenyewe.

Madai hayo yaweza kuhakikishwa darasani bila chombo chochote cha ghali. Mwaka 1805 John Gough wa Uingereza, ambaye alikuwa kipofu, alieleza kwamba ukanda wa mpira ukivutwa ghafla na kuguswa midomoni huhisiwa kuwa na joto. Ukiachwa upoe katika hali hiyo ya kuvutwa, kisha ukiachiwa ghafla, huhisiwa kuwa baridi. Mwanafunzi yeyote mwenye ukanda safi aweza kurudia jaribio hilo kwa dakika moja. Jaribio la pili ni kuning’iniza jiwe kwa ukanda wa mpira, kisha kuumwagia ukanda maji ya moto kwa uangalifu. Waya wa chuma ungerefuka. Mpira hujifupisha na kulipandisha jiwe.

Kwa mpiga manati kuna funzo la mara moja hapa. Anayevuta na kukaa muda mrefu akilenga huuacha mpira upoteze katika hewa lile joto ulilolipata wakati wa kuvutwa, nao minyororo yake hutulia kidogo katika hali ya kunyooka. Atakapoachia, msukumo utakuwa umepungua. Wapigaji hodari hulenga kwanza, huvuta mara moja na kuachia papo hapo. Nao hujifunza hivyo bila kumsoma Gough.

Tyubu mvivu

Sasa turudi kwenye rundo la tyubu. Tyubu moja ilikataliwa na nyingine ikakubaliwa, ingawa zote zilikuwa nyeusi na unene wake ulikuwa mmoja. Rangi haisemi kitu, kwa kuwa weusi hutokana na masizi ya kaboni yanayotiwa kiwandani katika mipira ya kila aina. Tofauti imo katika polima yenyewe.

Mwaka 1937 wanakemia wawili wa Marekani, Robert Thomas na William Sparks, walitengeneza mpira wa butili, usiotoka katika mti bali katika mafuta ya petroli. Sifa yake kuu ni kuzuia hewa: hewa hupenya katika butili kwa kiasi kisichozidi sehemu moja ya kumi ya ile ipenyayo katika mpira wa asili. Ndiyo maana tyubu nyingi za baiskeli, pikipiki na magari leo ni za butili. Mwenye baiskeli hafurahii kujaza upepo kila asubuhi.

Lakini kinachomfaa mwendesha baiskeli humdhuru mpiga manati. Minyororo ya butili ina matawi mafupi yaliyobanana. Kwa kubanana huko hewa haipati njia. Na kwa kubanana huko huko minyororo husuguana inapojaribu kurudi, na sehemu kubwa ya nishati iliyotiwa hugeuka joto badala ya kumrudia aliyeitia. Mpira hurudi, ila hurudi kwa kujikokota. Katika baridi ya alfajiri uvivu huo huongezeka, na alfajiri ndiyo saa ya kuamia. Tyubu za mpira wa asili bado zinapatikana, na hutambulika kwa mkono: ukanda ukivutwa mara tatu ya urefu wake na kuachiwa, hurudi kwa mlio mkavu, wa butili hurudi kwa mlio mzito, na ukipimwa mara hiyo hiyo huonekana umebaki mrefu kidogo, kisha hujirudi polepole.

Mkono wa mtoto ni kipimo kizuri, lakini darasa lapasa kupata namba. Vifaa ni ndoo ndogo, jagi la lita moja, rula, na boriti ya kuning’inizia. Ukatwe ukanda, na alama mbili zichorwe juu yake kwa kalamu, umbali wa sentimita 20. Ndoo ifungwe chini. Maji yamiminwe lita moja moja, na kila mara umbali kati ya alama upimwe. Lita moja ya maji ni kilogramu moja, na huvuta kwa nguvu ya karibu nyutoni 10. Uzito wa ndoo tupu usisahauliwe. Baada ya ukanda kufikia mara tatu ya urefu wake, maji yatolewe lita moja moja kwa utaratibu ule ule, na vipimo viandikwe tena.

Mambo mawili yatajitokeza katika grafu. La kwanza, mstari haukunyooka. Kanuni aliyoitangaza Robert Hooke mwaka 1678, kwamba urefukaji hulingana na nguvu, huifaa springi. Mpira huitii mwanzoni tu. Ukanda huwa mgumu kidogo mwanzo, kisha hulegea na kurefuka sana kwa nguvu ndogo ya ziada, na mwishoni hukaza ghafla kama aliyefika ukutani. Ukuta huo ni minyororo iliyokwisha kunyooka. Anayevuta hadi hapo hapati kasi nyingine ya maana. Anachopata ni kuufupisha umri wa mpira.

La pili ndilo kubwa zaidi: njia ya kurudi si njia ya kwenda. Kwa uzito ule ule, ukanda ni mrefu zaidi wakati wa kupunguza maji kuliko ulivyokuwa wakati wa kuyaongeza, na hivyo mistari miwili huacha uwazi kati yake. Eneo lililo chini ya mstari wa kwenda ni kazi iliyofanywa katika kuuvuta mpira. Eneo lililo chini ya mstari wa kurudi ni kazi ambayo mpira huirudisha. Uwazi uliopo kati yake ni nishati iliyopotea kuwa joto. Wanafunzi wahesabu viraba vya karatasi ya grafu, kwanza kwa ukanda wa mpira wa asili, kisha kwa wa butili, na neno “mvivu” litakuwa limepata kipimo.

Hesabu ya jiwe

Dhana iliyoenea miongoni mwa vijana ni kwamba mpira ukiongezwa, kasi huongezeka vivyo hivyo. Hufunga kanda mbili kila upande, kisha tatu, hata manati ikawa ngumu kuvutwa na mtu mzima. Inafaa dhana hiyo ipimwe kwa hesabu.

Chukuliwe mfano wa manati ambayo, ikivutwa sentimita 50, huhitaji mwishoni nguvu ya nyutoni 60, ambayo ni sawa na kuinua kilogramu 6. Kwa kukadiria kwamba nguvu inapanda sawasawa tangu sifuri, kazi iliyofanywa ni nusu ya 60 mara 0.5, yaani jouli 15. Ikiwa mpira ni wa asili na hurudisha asilimia 80, jouli 12 zimebaki za kurusha. Jiwe lina gramu 10. Kama jouli hizo 12 zingeingia zote katika jiwe, lingeondoka kwa mita 49 kwa sekunde.

Haziingii zote. Mpira wenyewe una tungamo, nao hauna budi kujirusha. Ncha iliyofungwa kwenye panda haisogei, na ncha iliyo kwenye ngozi hukimbia sawa na jiwe. Ukikokotoa kwa urefu wote, ni kana kwamba theluthi moja ya tungamo la mpira inasafiri pamoja na jiwe. Kanda zikiwa na gramu 30, theluthi yake ni gramu 10. Ngozi iwe gramu 2. Basi jouli 12 zinasukuma jumla ya gramu 22, na kasi ni mita 33 kwa sekunde. Jiwe limepata jouli 5.5 tu, zilizosalia zimekwenda katika mpira na ngozi, na mpigaji huzisikia kama kofi juu ya vidole vyake.

Sasa kanda ziongezwe mara mbili. Nguvu ya kuvuta ni nyutoni 120, sawa na kilogramu 12. Nishati inayorudi ni jouli 24, lakini tungamo la mpira limekuwa gramu 60, na theluthi yake ni 20. Jumla inayosukumwa ni gramu 32, na kasi inakuwa mita 39 kwa sekunde. Mkono umefanya kazi maradufu kwa faida ya mita 6 tu. Afadhali mara nyingi ni kupunguza uzito wa mpira na wa ngozi kuliko kuongeza kanda.

Kuna njia ya werevu zaidi, ambayo baadhi ya vijana wameigundua kwa majaribio yao: kuukata ukanda uwe mpana upande wa panda na mwembamba upande wa ngozi. Kwa namna hiyo sehemu kubwa ya mpira huwa mahali pasipo na mwendo, na sehemu inayokimbia huwa nyepesi. Tyubu ikatwe kwa wembe mpya na ubao ulionyooka. Wembe butu huacha mikwaruzo midogo pembeni, na kila mkwaruzo ni mwanzo wa ufa.

Mrija au ukanda

Mrija wa mpira, yaani ule wa mviringo wenye tundu katikati, una heri yake. Hauna kingo zilizokatwa, kwa hiyo ufa haupati mahali pepesi pa kuanzia, nao hudumu zaidi kuliko ukanda. Hasara yake ni kwamba kwa kawaida una tungamo kubwa kwa kila sentimita, na unene wake haupungui kuelekea kwenye ngozi.

Anayechagua mirija hudanganywa na macho. Nguvu ya mpira hufuata eneo la mkato wake, na tundu halina nguvu. Mrija wenye kipenyo cha nje cha milimita 9 na cha ndani milimita 5 una eneo la milimita za mraba 44. Mrija wa milimita 8 nje na 6 ndani una 22. Vikiwekwa mezani pamoja huonekana karibu sawa, lakini mmoja una nusu ya nguvu ya mwingine. Mwalimu wa hisabati aweza kuwapa wanafunzi mirija hiyo pamoja na kanuni ya eneo la duara, na somo litajieleza.

Urefu nao una kanuni yake. Mpira mzuri wa asili aghalabu hukatika ukivutwa kati ya mara sita na nane ya urefu wake. Kwa kazi ya kudumu usivutwe kupita mara nne hivi. Ikiwa kutoka panda hadi mahali pa kuachilia ni sentimita 60, basi mpira uwe na sentimita 15 kutoka fundo hadi fundo. Kwa ukanda wa tyubu, ambao hunyumbuka kidogo kuliko lateksi safi, mara tatu zatosha, nao ukatwe sentimita 20. Kosa la kawaida ni kufunga mpira mfupi kwa kubana matumizi. Mpira huo hufika ukutani kila mara unapovutwa, na hukatika katika siku chache.

Hapa kuna onyo. Si kila mrija wa hospitali ni mpira. Mingi ni ya plastiki, ambayo ikivutwa hurefuka isirudi. Mingine ni ya silikoni, ambayo hurudi vizuri lakini ikipata mkwaruzo mdogo huchanika mara moja. Na mrija wowote uliokwisha kutumika hospitalini, wa damu au wa dripu, usiokotwe kamwe. Shimo la takataka za zahanati lina sindano pamoja na mirija, na vijidudu vya homa ya ini havionekani kwa macho.

Adui wa mpira

Mpira wa manati hufa kwa jua kuliko kwa kazi. Mwanga mkali na gesi ya ozoni, ambayo imo kidogo katika hewa ya kawaida, hukata minyororo mmoja mmoja. Na hukata kwa wepesi zaidi mpira ukiwa umevutwa. Ndiyo maana mpira wa kufungia mizigo ulioachwa umekazwa nyuma ya baiskeli hujaa nyufa upande wa nje, ilhali kipande cha tyubu ile ile kilichowekwa ndani kingali laini. Manati itundikwe kivulini, ikiwa imelegea. Grisi, petroli na mafuta ya taa huufanya mpira wa asili uvimbe na kuoza. Kijana aliyetoka kutengeneza mnyororo wa baiskeli anawe kwanza.

Fundo ni mahali pengine pa kutazamwa. Waya na uzi wa nailoni hukata mpira. Ukanda mwembamba wa tyubu, ukizungushwa mara kadhaa na kukazwa, hushika vizuri bila kuumiza, na hapo ndipo butili ile iliyokataliwa hupata kazi yake. Kila asubuhi, kabla ya kupanda ulingo, mpira uvutwe polepole mbali na uso na ukaguliwe karibu na mafundo. Ufa ukionekana, hata wa ukubwa wa punje ya ulezi, mpira huo haufai.

Jicho

Jouli 5.5 zilizopatikana katika hesabu iliyotangulia huonekana chache. Ni sawa na jiwe la kilogramu moja kuangushwa kutoka sentimita 55. Lakini jiwe la manati huziweka zote mahali pasipozidi ukucha wa kidole gumba, na jicho halina mfupa wa kulikinga kwa mbele. Katika shamba la mtama mrefu watoto wa ulingo mmoja hawawaoni watoto wa ulingo wa pili, na jiwe lililomkosa tetere huendelea na safari yake. Pande za kupiga zikubaliwe kabla ya kuanza, na ziwe zile zisizo na ulingo mwingine wala njia ya watu.

Uchaguzi wa kirushwacho hupunguza hatari hiyo. Vidonge vya udongo wa mfinyanzi, au wa mbuga nyeusi iliyotapakaa katika mabonde ya Bunda, vikiviringishwa na kukaushwa kivulini, huwa na ukubwa mmoja na uzito mmoja. Jiwe lenye pembe hupinda njia yake angani, na kila jiwe lina uzito wake, kwa hiyo mkono haujifunzi. Kidonge huenda kilikoelekezwa, na kikigonga shina au ardhi kavu hupasuka badala ya kuruka tena. Kwa kazi ya kushtua ndege, mlio wa kupasuka huko katikati ya masuke ni bora kuliko jiwe lililopita kimya.

Mtu akipigwa jichoni, jicho lisisuguliwe, lisibonyezwe, wala lisitiwe dawa yoyote ya kienyeji. Kama limetoboka, au kitu kimezama ndani, lisioshwe na kitu hicho kisichomolewe. Lifunikwe kwa kitu kigumu kisicholigusa, kwa mfano kitako cha kikombe cha karatasi kilichobandikwa kwenye paji na shavu, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anasema maumivu yamepungua. Damu ndani ya jicho yaweza kuanza kuvuja upya siku kadhaa baada ya pigo.

Limebaki suala la mpaka. Wilaya ya Bunda hupakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na lango la Ndabaka li kando ya barabara kuu iendayo Mwanza. Manati inayoamia shamba ni chombo cha kilimo; ikivuka mpaka huo huwa silaha, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila kibali. Shule zilizo karibu na hifadhi zikitaka kufanya majaribio ya masafa zaweza kutumia uwanja wa mpira wakati hauna watu: vidonge kumi vya gramu 10 na kumi vya gramu 20, manati moja, mvuto mmoja, na kamba yenye mafundo kila mita tano. Hesabu inasema kidonge kizito kitaondoka kwa mita 27 kwa sekunde badala ya 33, lakini kitabeba jouli 7.5 badala ya 5.5. Kipi kitafika mbali zaidi, hewa ikishaingilia kati, ni swali ambalo darasa litalijibu kwa kupima.